Hotuba fupi za video darasani: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa sekondari wa Tanzania na Kenya: darasa la wanafunzi sitini au zaidi, kipindi cha dakika 40, spika moja, na umeme unaokuja na kuondoka utakavyo. Mwenye chumba cha kisasa chenye mapazia mazito na intaneti ya kasi ataruka maswali ya vifaa, lakini asiruke yale ya kupanga kipindi.

Tunaposema "hotuba fupi ya video" tunamaanisha nini?

Mtu mmoja amesimama mbele ya watu, anaeleza jambo moja alilolifanya au kuligundua, kisha anashuka. Zinazojulikana zaidi ni za TED, mkutano ulioanza Marekani mwaka 1984 na ambao hotuba zake zilianza kuwekwa mtandaoni mwaka 2006. Ukomo wake wa dakika 18 umekuwa kipimo ambacho wengine wameiga. Afrika Mashariki haiko mbali na historia hiyo: mwaka 2007 mkutano wa TEDGlobal ulifanyika Arusha, na hapo ndipo kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza kueleza kwa maneno machache jinsi alivyotengeneza kinu cha upepo. Mwaka 2009 alirudi jukwaani, safari hii Oxford, Uingereza, akaeleza kisa chote kwa takribani dakika sita. Tutaitumia hotuba hiyo ya pili kama mfano hapa chini.

Si lazima iwe ya TED. Hotuba ya fundi wa mtaani aliyerekodiwa vizuri kwa simu inaweza kufanya kazi ileile.

TED, TEDx na TED-Ed ni kitu kimoja?

Hapana. TEDx ni mikutano inayoandaliwa na watu wa mahali husika kwa kibali, kwa hiyo ubora na uhakika wa yanayosemwa hutofautiana sana. TED-Ed kwa sehemu kubwa ni masomo mafupi ya katuni. Yanafaa kueleza dhana, ila si hotuba.

Kwa nini nisisimulie mwenyewe? Nakijua kisa chote.

Simulia, kama unakisimulia vizuri. Video ina faida pale ambapo mwanafunzi anahitaji kumwona mwenye jambo: umri wake, lafudhi yake, mikono yake ikitetemeka, picha ya kifaa chenyewe. Kijana wa Kidato cha Pili akimwona kijana mwenzake akibabaika na Kiingereza mbele ya ukumbi uliojaa, na bado watu wanamsikiliza, anapata kitu ambacho mwalimu hawezi kukisimulia kwa niaba ya mtu. Kama video haina kitu cha namna hiyo, imezidiwa na ubao na chaki.

Nichague hotuba ya urefu gani?

Dakika 4 hadi 8. Piga hesabu: kuwasha vifaa na kutuliza darasa dakika 4, swali la kuanzia 4, kutazama 6, kuandika 3, kurudia sehemu moja 6, kazi ya vikundi 10, kuripoti na kufunga 7. Tayari dakika 40 zimekwisha. Ukiweka hotuba ya dakika 18, kinachokatwa ni kazi ya wanafunzi, na hicho ndicho ulichokuja kukifanya.

Kama hotuba nzuri ni ndefu, onyesha kipande chake tu. Andika kwenye andalio la somo dakika na sekunde za kuanzia na kuishia, mfano 3:10 hadi 7:40, ili usihangaike kutafuta huku darasa zima likikutazama.

Nitajuaje kama hotuba inafaa darasani?

Watu wengi hutafuta hotuba yenye sauti ya juu, muziki wa kusisimua na maneno kama "amini unaweza". Wanafunzi hushangilia, kengele inalia, na kesho yake hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Hiyo ni nguvu ya soda.

Inayofaa ina vitu vitatu: tatizo linaloonekana kwa macho, angalau jaribio moja lililoshindwa, na kitu kilichotengenezwa au kufanywa ambacho mwanafunzi anaweza kukieleza hatua kwa hatua. Mfano mzuri ni hotuba ya mwaka 2013 ya Richard Turere, kijana wa Kimaasai kutoka kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya takribani dakika saba. Simba walikuwa wanaingia zizini usiku na kuua ng'ombe wa baba yake. Kwanza alitumia moto, akagundua kwamba mwanga wake unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walikuja wakaondoka, siku ya pili wakatambua kwamba kile kitu hakisogei, wakaingia na kuua. Usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, taa za tochi mbovu, na kile kifaa cha pikipiki kinachofanya indiketa ziwake na kuzima.

Hapo mwalimu wa Fizikia ana sakiti ya kuchora, wa Biolojia ana tabia za wanyama, wa Jiografia ana mgogoro wa binadamu na wanyamapori, na wa Kiswahili ana masimulizi yenye mpangilio. Na yeyote kati yao anaweza kusimamisha video mara tu sanamu inapotajwa na kuuliza: "Siku ya pili simba atafanya nini? Kwa nini?" Hotuba isiyo na mahali pa kusimamisha na kuuliza swali la namna hiyo, iache.

Itazame nzima kabla ya darasa, mpaka mwisho, hata kama umeshawahi kuiona. Mzaha mmoja wa dakika ya tano unaweza kukuharibia kipindi.

Kipindi cha dakika 40 nikipange vipi hasa?

Tuchukue hotuba ya Kamkwamba ya 2009 katika kipindi cha Fizikia kuhusu nishati. Kabla ya siku hiyo tafuta dainamo ya baiskeli. Ya kawaida ni ya volti 6, wati 3, na mafundi baiskeli wengi wanayo kwenye kopo la vyuma chakavu. Iunganishe na taa yake. Ukiweza kuja na gurudumu zima, vizuri zaidi.

Dakika ya 0 hadi 5. Usiwashe video. Weka dainamo mezani, mwite mwanafunzi mmoja azungushe gurudumu, taa iwake. Andika ubaoni swali moja tu: "Kijana huyu alikosa vifaa gani vya dukani, na kila kimoja alikibadilisha kwa nini?" Wanafunzi wachore jedwali la safu mbili kwenye daftari.

Dakika ya 5 hadi 12. Video nzima bila kusimamisha. Wasiandike. Hapa walimu wengi hukosea: wanadai wanafunzi waandike huku wakitazama, matokeo yake hawatazami wala hawaandiki.

Dakika ya 12 hadi 15. Kimya, kila mtu anajaza jedwali kwa anachokumbuka. Dakika tatu za kimya katika darasa la watu sitini ni ndefu kuliko unavyofikiri. Zivumilie.

Dakika ya 15 hadi 20. Rudia kipande kile tu anachotaja vifaa: feni ya trekta, shokapu, mabomba ya PVC, fremu ya baiskeli na dainamo kuukuu. Simamisha kila kinapotajwa kimoja. Wanafunzi wakamilishe jedwali. Anasema pia kwamba alianza na taa moja, baadaye zikawa nne zenye swichi, pamoja na kikata umeme alichokiiga kwenye kengele ya umeme. Hicho kikata umeme ni somo la sumaku-umeme peke yake, kihifadhi kwa kipindi kijacho.

Dakika ya 20 hadi 31. Vikundi vya wanne. Kila kikundi kichore safari ya nishati kutoka kwenye upepo mpaka kwenye taa, na kiweke alama ya X kila mahali wanapofikiri nishati inapotea. Mnyororo uliolegea, bearingi kavu, waya mrefu mwembamba: waache wabishane.

Dakika ya 31 hadi 38. Vikundi viwili tu vionyeshe michoro. Usijaribu kuvipitisha vyote kumi na tano.

Dakika ya 38 hadi 40. Kila mmoja aandike sentensi moja kwenye kikaratasi: kitu kimoja nilichoelewa, au swali moja nililobaki nalo. Kusanya mlangoni.

Swali zuri la kuanzia ni lipi?

Linalojibika tu kwa mtu aliyetazama. "Umejifunza nini?" si swali, maana mwanafunzi anaweza kujibu "nimejifunza kutokata tamaa" akiwa alilala muda wote. "Taja jaribio lililoshindwa na sababu yake" linamkamata. Swali liwe moja, au mawili yakizidi.

Nisimamishe video mara ngapi?

Mara ya kwanza usisimamishe, au simamisha mara moja kwa ajili ya kukisia. Mara ya pili simamisha unavyotaka. Mwalimu anayesimamisha kila sekunde thelathini ili aeleze alichosema mzungumzaji anaua hotuba, na wanafunzi huonyesha wazi kwenye nyuso zao kwamba wamemkasirikia.

Wanafunzi wangu hawamwelewi mzungumzaji. Kiingereza ni cha haraka mno.

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko vifaa, na lina tiba kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja.

Fundisha maneno sita hadi nane kabla, si ishirini. Chagua yale ambayo bila kuyajua kisa hakieleweki: kwa Kamkwamba ni kama vile njaa, maktaba, kinu cha upepo, dainamo, ada. Kwa shule za Tanzania, ambako mwanafunzi ametoka msingi kwa Kiswahili, eleza kisa chote kwa Kiswahili kwa dakika moja kabla ya kuwasha. Kujua mapema kitakachotokea hakupunguzi utamu, kunamwachia sikio lifanye kazi.

Punguza kasi. Kwenye programu ya VLC, ya kuchezea video kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha [ kushusha kasi kidogo kidogo. Takribani 0.9 ya kasi ya kawaida inatosha. Sauti hubaki ya kawaida, ila ukishuka chini ya 0.8 mzungumzaji anaanza kusikika kama mlevi na darasa litacheka.

Tumia manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Kwa darasa la Kiingereza au la masomo ya sayansi, manukuu ya Kiingereza mara nyingi husaidia kuliko ya Kiswahili, maana mwanafunzi anaunganisha sauti na tahajia. Kwa somo la Kiswahili, au kama lengo ni mjadala tu, tafuta ya Kiswahili. Baadhi ya hotuba za TED zinayo, yaliyotafsiriwa na watu wa kujitolea. Yapitie kwanza. Yale yanayotengenezwa na mashine hukosea majina ya watu na istilahi, na kosa moja kwenye skrini kubwa hukumbukwa muda mrefu.

Halafu mkumbushe mwanafunzi jambo ambalo Kamkwamba mwenyewe analisema katika hotuba hiyo: kitabu alichojifunzia kilikuwa cha Kiingereza ambacho hakukijua vizuri, akawa anasoma michoro ili aelewe maneno yaliyoizunguka.

Nipakueje bila kumaliza bando, na inaruhusiwa?

Kwa makadirio, hotuba ya dakika sita kwa ubora wa 480p hula MB 30 hadi 50. Kwa 720p ni MB 90 hadi 120. Kwa runinga ya darasani 480p inatosha kabisa. Pakua siku moja kabla, kamwe usitegemee intaneti ya wakati wa kipindi.

Hotuba za TED hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayokuruhusu kuzionyesha bila malipo kwa masharti matatu: utaje chanzo, usifanye biashara, usizibadili. Kusimamisha na kurudia darasani si kubadili. Kukata vipande, kuweka sauti yako juu na kupandisha kwenye chaneli ya shule ni kubadili. Masharti ya YouTube ni tofauti: unahifadhi video pale tu wenyewe walipoweka kitufe cha kupakua, na iliyohifadhiwa hivyo hufunguka ndani ya programu yao pekee. Haihamishiki kwenye flashi. Kwa hiyo itabidi uunganishe simu na runinga kwa adapta ya HDMI. Jaribu mapema, kwani simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la chaji hata ukinunua adapta nzuri namna gani.

Runinga au projekta?

Kwa shule isiyo na mapazia, runinga. Projekta ya chini ya lumeni 3,000 (kipimo cha nguvu ya mwanga) katika chumba chenye madirisha pande zote saa tano asubuhi itakupa kivuli cha picha. Projekta inashinda kwa ukubwa tu.

Ukubwa una kipimo chake: mwanafunzi wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha, la sivyo hasomi manukuu. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha kama sentimita 53, hivyo inahudumia mpaka mita 3.2. Kwa darasa la watu sitini maana yake ni kusogeza madawati pembeni na kuwaketisha wengine mbele. Picha ya projekta yenye upana wa mita 2.5 ina kimo cha mita 1.4, inafika mita 8.4, yaani karibu darasa zima.

Ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita 1.4 kutoka sakafuni. Manukuu hukaa chini kabisa, na ndiyo hufunikwa na vichwa vya waliokaa mbele. Ukikosa skrini, ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko shuka. Rangi ya mafuta hurudisha mwanga machoni. Ukitumia shuka, likunje mara mbili na ulifunge chini pia, maana upepo wa dirishani huligeuza tanga.

Runinga inasema faili halisomeki, na kwenye kompyuta linafunguka vizuri.

Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni flashi yenyewe: runinga nyingi za zamani husoma flashi iliyoandaliwa (format) kwa mpangilio wa FAT32 tu. Iandae upya kwenye kompyuta ukishahamisha vilivyomo, maana kuandaa upya hufuta kila kitu. Ya pili ni video iliyobanwa kwa mfumo wa H.265, ambao runinga za zamani hazisomi. Tafuta toleo la MP4 la H.264. Manukuu nayo yawe kwenye folda ileile na jina lilelile: kama video ni kinu.mp4, manukuu yawe kinu.srt. Herufi moja ikitofautiana hayatatokea.

Manukuu yakitangulia sauti kwenye VLC, bonyeza H mara kadhaa mpaka yalingane. Yakichelewa, bonyeza G.

Picha ipo, sauti hakuna.

Umetumia waya wa VGA. Huo hubeba picha peke yake, unahitaji waya mwingine wa sauti kutoka tundu la spika za masikioni. Kama ni HDMI, kompyuta inapeleka sauti kwenye projekta isiyo na spika. Badilisha mahali sauti inapotokea kwenye alama ya spika, kona ya chini kulia.

Waliokaa nyuma hawasikii.

Usiongeze sauti, sogeza spika. Spika moja kubwa mbele huwaumiza wa mbele na haiwafikii wa nyuma, kwa sababu kuta za saruji hurudisha mwangwi na maneno yanachanganyika. Spika mbili ndogo katikati ya ukuta wa kushoto na wa kulia, zimeinuliwa juu ya vichwa, husikika vizuri kwa sauti ya chini zaidi. Tumia waya. Bluetooth mara nyingine huchelewesha sauti, midomo ikatangulia maneno, na simu ya mwalimu ikiita kila mtu atasikia.

Mvua ikianza kwenye mabati, hakuna spika itakayoshinda. Simamisha, wape kazi ya kuandika, endelea ikipungua.

Umeme ukikatika katikati?

Kompyuta mpakato itaendelea kwa betri yake, kwa hiyo wasogee karibu wamalizie sauti. Projekta ya taa ya kawaida ikizimika ghafla ikiwa na moto, usiiwashe papo hapo umeme ukirudi. Ipe dakika tano hadi kumi ipoe, la sivyo unaichoma taa, na taa ndiyo kifaa cha gharama humo ndani. Kwa sababu hiyohiyo usiizime ukutani, izime kwa rimoti na uiache feni imalize kuzunguka.

Shule yenye betri ya sola ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa (Wh) 1,200 kwa hesabu. Tumia nusu tu ili betri idumu, yaani 600, na inveta itakula kama asilimia 15, unabaki na 510. Projekta ya wati 250 na spika za wati 20 zitakwenda chini kidogo ya saa mbili. Runinga ya wati 80 na spika hizohizo zitakwenda saa tano. Ni sababu nyingine ya kupenda runinga.

Hatuna umeme wala skrini. Tuache?

Hapana. Pakua sauti peke yake, icheze kwa redio yenye tundu la flashi, na uchore picha mbili tatu ubaoni kabla. Au chapisha maandishi ya hotuba, kurasa mbili, nakala moja kwa wanafunzi wanne, na mwanafunzi mwenye sauti nzuri aisome kama mzungumzaji. Usiwazungushie watu sitini simu moja, kwani wa kumi na tano ataiona kengele ikiwa imeshalia.

Kila kinachosemwa jukwaani ni kweli?

La. Mfano unaojulikana ni hotuba ya mwaka 2012 ya mwanasaikolojia wa Marekani Amy Cuddy kuhusu kusimama kwa mkao wa kujiamini kwa dakika mbili. Ilitazamwa na mamilioni, lakini utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2015 haukupata mabadiliko ya homoni yaliyodaiwa, na mwaka 2016 Dana Carney, mtafiti mwenzake katika utafiti wa awali, alisema hadharani kwamba haamini tena matokeo hayo. Cuddy ameendelea kutetea sehemu ya madai yake. Kwa wanafunzi wakubwa huo ni mjadala mtamu kuliko hotuba yenyewe: tunajuaje kwamba jambo ni kweli?

Kwa wadogo, chagua hotuba ambayo ukweli wake unaonekana: taa inawaka au haiwaki.

Hotuba zinazogusa ukeketaji, vita, njaa au kifo?

Zinaweza kuonyeshwa, ila si kwa kushtukiza. Waambie siku moja kabla, mjulishe mwalimu wa ushauri na unasihi, na umruhusu mwanafunzi kutoka bila kujieleza. Usimwombe yeyote asimulie yaliyompata yeye. Njaa ya Malawi katika hotuba ya Kamkwamba nayo imo katika kundi hili, darasani mwako anaweza kuwapo mtoto aliyelala bila kula jana.

Wanafunzi wenye ualbino, wasioona na viziwi?

Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali: waketi mbele lakini migongo ielekee dirisha. Kwa asiyeona, mweke jirani wa kumnong'oneza picha zinazopita, na umpe kifaa chenyewe ashike. Dainamo ile ile itafaa. Kwa kiziwi manukuu ni ya lazima, na taa isizimwe kabisa, anahitaji kumwona mkalimani wa lugha ya alama.

Mara ngapi kwa muhula?

Mbili au tatu kwa somo moja. Zaidi ya hapo inakuwa sinema.

Mkuu wa shule anasema ni kupoteza muda. Mthibiti ubora naye akija?

Mwonyeshe andalio la somo. Liandike kama kipindi kingine chochote: mada kutoka kwenye azimio la kazi, umahiri unaolengwa, dakika za kila hatua, na video ikiwa kwenye safu ya zana, si kwenye safu ya shughuli. Kwa Kenya, taja umilisi unaokuzwa, kwa mfano ubunifu na utatuzi wa matatizo. "Kutazama video" si shughuli ya kujifunza. "Kuchora mfuatano wa nishati" ni shughuli. Viambatishe na vile vikaratasi vya mlangoni.

Nitapimaje kama imesaidia?

Wiki mbili baadaye, bila kuwaonya, wape swali moja la mtihani lenye maudhui hayo katika hali nyingine: mto badala ya upepo, fisi badala ya simba. Anayeeleza ameelewa. Anayesimulia tu kisa cha kijana na kinu alitazama.

Wanafunzi wanataka kurekodi hotuba zao. Tunaanzaje?

Dakika mbili kila mmoja, takribani maneno 220 ya Kiswahili, kuhusu tatizo moja la shule au nyumbani na walichojaribu. Video ya 720p hula kama MB 60 hadi 90 kwa dakika, hivyo wanafunzi sitini watajaza GB 7 hadi 11. Afadhali kila kikundi kichague msemaji.

Futa lenzi kwa kitambaa. Simu ilale kwa upana, iwe kwenye hali ya ndege ili isiite, na iegemezwe kwenye rundo la vitabu usawa wa macho. Mzungumzaji asimame mita moja hadi moja na nusu, dirisha likiwa mbele yake, si nyuma, la sivyo atatoka mweusi kama kivuli. Chini ya mti pana mwanga mzuri lakini upepo huharibu sauti. Karatasi ya hotuba aiache mezani na abaki na maneno matano tu kiganjani.

Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi kabla ya kurekodi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019, na picha ya mtoto ni taarifa binafsi. Video zibaki kwenye kompyuta ya shule, zisiende kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala kwenye ukurasa wa shule, hata ile iliyotoka nzuri kuliko zote.